Yowe la Saa Tisa

Sajenti Tumsifu Mmbaga hakupenda kuketi kazini, na tangu asubuhi ile ya Ijumaa kila alikoingia watu walikuwa wakimvutia kiti. Alikikataa cha ofisi ya kijiji. Akakikataa na cha Mwalimu Mwatima, akasimama dirishani akiwatazama wanaume wanne wa sungusungu waliokaa nje ya ua na fimbo zao.

"Wanasema wananilinda," alisema Mwatima. "Jana usiku nilitaka kwenda chooni, wakanisindikiza. Huko ndiko kulindwa?"

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Pangani, na mwezi wa tatu ulikuwa haujaisha tangu apangiwe kazi Kiloleli. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Tumsifu, mtu wa Same, alijua vizuri maana ya kuwa mgeni Usukumani, lakini alijua pia kwamba mgeni naye anaweza kuiba.

"Nieleze ya jana. Anzia kituoni."

"Nilikwenda Kwa Anyes kungoja basi la Musoma, kuna mzigo wangu ulikuwa unakuja. Pale kulikuwa na watu kama ishirini. Yule dada Veronica alikuwa na begi kubwa, mtoto wake Salu amekaa juu ya begi. Saa tisa hivi, nikasikia watu wanapiga kelele toka kule kwenye majaruba ya mpunga. Ghafla kituo kizima kikatimua mbio. Wengine wameacha viatu! Mie nikajua ni tembo wametoka porini. Nikakimbilia nyumbani, nikajifungia."

"Wenzako walikimbilia kwenye kelele. Wewe ukakimbia kinyume."

"Sajenti, kwetu ukisikia kelele za hatari unazikimbia. Nani aliniambia huku unazifuata?"

Kosa lilikuwa hapo. Watu waliporudi kutoka vilimani, ng'ambo ya majaruba, baada ya nusu saa, bila kuona mwizi wala ng'ombe aliyeibwa, Salu hakuwepo. Mtoto wa miaka minne alikuwa ameyeyuka kituoni mchana kweupe. Yowe lilikuwa la uongo, kijiji kilisema, limepigwa ili kituo kibaki kitupu. Na mtu mzima mmoja tu hakulikimbilia. Saa kumi jioni kijiji kingekaa mbele ya ghala la pamba kumhukumu, na hukumu yake kila mtu aliijua tayari.

"Ulipokuwa unakimbia, ulimwona mtoto?"

"Niligeuka mara moja. Alikuwa amesimama juu ya begi, kainua mikono miwili hivi." Mwatima aliinyanyua yake juu. "Kama anayetaka kubebwa. Nikadhani mama yake yupo nyuma ya kile kibanda cha mizigo."

"Alikuwa anatazama wapi?"

"Upande wa ziwa."

"Analia?"

Mwatima alifikiri. "La. Halii."

"Umewaambia hilo?"

"Nimewaambia mara kumi. Wanasema mwizi hakosi hadithi."

Tumsifu aliandika maneno mawili, *mikono* na *ziwa*, kisha akatoka. Mtoto hamwinulii mikono asiyemjua. Alitembea haraka mno, hata Konstebo Luhende, kijana wa Nkoma mwenye miguu mirefu, akawa anamfuata kwa mchakamchaka.

"Afande, mkutano ni saa kumi," alisema Luhende.

"Najua."

"Na wakishaamua kumtenga, hatutaweza kitu. Tutamwondoa na gari, lakini hatafundisha tena mkoa huu. Maneno yanasafiri."

"Na mtoto?"

Usiku mmoja ulikuwa umepita, na nusu ya mchana.

*

Kituo kilikuwa upande wa juu wa mtaa. Chini yake, kati ya lami na maji, zilikuwa nyumba mpya za watumishi, mabati ya rangi na kuta ndefu za tofali, na njia nyembamba zilizoshuka hadi mwaloni, ufukweni palipoegeshwa mitumbwi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na majaruba, kisha vilima. Jina la kituo lilitokana na Anyes, aliyeanza kuuza chai na maandazi pale kabla ya lami. Lami ilikuja na vumbi likaondoka, Anyes akabaki.

Veronica alikuwa amekaa kwenye benchi la abiria, na begi lake miguuni. Hakuwa ameondoka hapo tangu jana.

"Hajala," alinong'ona Anyes. "Nimempa chai, imepoa. Nimempa nyingine, imepoa."

Tumsifu alichuchumaa mbele ya mama huyo kijana. "Veronica, jana ulikuwa unakwenda wapi?"

"Mwanza, kusalimia. Tunarudi Jumapili."

"Yowe lilipopigwa ulifanya nini?"

"Nilikimbia."

"Ukamwacha mtoto?"

"Afande, miguu ilikimbia yenyewe! Tangu nimezaliwa nikisikia mwano, hilo yowe, nakimbia. Nilifika kwenye majaruba ndipo nikakumbuka, Salu! Nikasema yupo na watu kituoni. Sikujua watu wote tumekimbia." Akaanza kulia kwa sauti, bila kuficha uso. "Mama gani mimi? Kuku hawezi kufanya hivyo."

Tumsifu alimwacha alie kwanza, kisha akaomba ruhusa ya kufungua begi. Ndani kulikuwa na magauni ya mtoto, yote, hata yaliyombana. Kulikuwa na sweta mbili, viatu vya kanisani, cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni. Alilifunga.

"Cheti cha kuzaliwa cha nini, kusalimia siku tatu?"

Veronica alifuta kamasi kwa upindo wa kanga. Alimtazama Anyes, na Anyes akajitia kupuliza mkaa.

"Kuna mtu Geita anataka kunioa," alisema kwa sauti ndogo. "Thomas wangu alizama ziwani mwaka wa pili huu. Nitakaa mjane mpaka lini?"

"Nani alijua kwamba hurudi?"

"Hakuna. Hata mama mkwe nilimwambia Jumapili."

Luhende alirudi kutoka kibandani na simu mkononi. Alikuwa ameongea na kondakta wa basi lililopita saa tisa na robo. Basi lilisimama, likakuta mizigo bila wenyewe, likaondoka. Hakupanda mtu, mkubwa wala mdogo. Kijiji kilikuwa kimelishuku basi hilo tangu jana, kwamba mwalimu alimpakia mtoto akamtuma kwa wenzake. Tumsifu alilifuta kwenye daftari.

"Hebu nielimishe," alimwambia Luhende. "Yowe. Linafanyaje kazi? Nianzie kama mtoto wa chekechea."

"Mtu akipatwa, anapiga. Wa karibu akisikia analipokea, anapiga naye huku anakimbilia alikosikia. Wa mbele analipokea kwa huyo. Hivyo hivyo mpaka vijiji vitatu. Halina maswali, afande. Unaacha jembe, unaacha ugali mkononi. Mkifika, katibu anaandika majina. Asiyefika anatengwa, hakuna wa kumsalimia wala kumpa moto, na akifiwa anachimba kaburi peke yake."

"Na anayepiga la uongo?"

"Huyo afadhali ahame."

"Majina unayo?"

Luhende alikuwa nayo, ameyapiga picha kwenye daftari la katibu. Tumsifu aliyasoma mara mbili. Jina la Veronica lilikuwa namba kumi na tisa. La Anyes lilikuwepo. La Mwatima halikuwepo, na hilo ndilo ambalo kijiji kizima kilikuwa kimelitazama.

"Vikongwe je? Nao hukimbia?"

"Wazee hawaandikwi."

Tumsifu aligonga kalamu kwenye meno. "Kila mtu amepokea kwa mtu. Basi tunaanza hapa tunarudi nyuma. Kila mmoja tunamuuliza swali moja tu, ulilisikia kwa nani? Atakayesema hakulisikia kwa mtu ndiye tunayemtaka."

Luhende alimtazama kama mtu aliyetafuta kofia yake kutwa na kuambiwa ameivaa. "Mbona sisi hatujawahi kuuliza hivyo?"

"Kwa sababu nyinyi mnakimbia. Mama Anyes! Yowe ulilisikia kwa nani?"

"Bujiku, wa tanuru la matofali," alijibu Anyes mara moja. "Ndiye aliyeanza. Kila mtu anajua, ana sauti kama ng'ombe dume."

"Ulimsikia kwa masikio yako?"

"Eh... mimi nilimsikia Shija, kule mpungani. Redio yangu ilikuwa juu, sikusikia kingine. Lakini aliyeanza ni Bujiku."

"Bibi yake Salu amekuja kukaa na mkwewe?"

"Kwandu? Anaumwa miguu, maskini. Hajafika."

Tumsifu aliliandika nalo, akavuka barabara.

*

Shija alikuwa katikati ya maji ya mpunga, suruali imekunjwa hadi magotini. Hakutaka kupoteza muda.

"Nilipokea kwa Bujiku. Kule." Alionyesha kando ya barabara, mahali ambapo kalavati lilipitisha maji kwenda ziwani na moshi wa tanuru ulikuwa ukipanda.

"Kwa hiyo nyote mlikimbilia kwa Bujiku?"

"Sisi ndiyo. Wale wa kituoni walitusikia sisi, wakaja huku. Kisha kila mtu akasema wezi wa ng'ombe hutorokea vilimani, basi tukaenda vilimani."

Bujiku walimkuta akichomeka magogo tanuruni. Sauti yake kweli ilikuwa ya ng'ombe dume, na hasira zake pia.

"Sikuanza mimi! Tangu jana nasemwa kijiji kizima. Nimeanza kwa ajili ya nini? Mimi nilipokea!"

"Kwa nani?"

"Kwa mwanamke. Alikuwa anakuja mbio kutoka huko mwaloni, Elina, mke wa fundi cherehani. Akasema wamepita kalavatini wanakwenda vilimani."

"Wamepita akina nani?"

Bujiku aliliweka gogo chini. "Sikuuliza."

Tumsifu aligeuka kutazama. Kutoka tanuruni njia ilirudi chini, ikapita nyuma ya nyumba za watumishi, ikafuata maji. Alichora daftarini. Kituo, majaruba, tanuru, mwalo. Mstari ulizunguka kama mkanda na kurudi karibu pale pale ulipoanzia. Watu wa kituoni walikuwa wamelikimbilia yowe la ng'ambo ya barabara, nalo lilizaliwa mgongoni kwao.

"Saa ngapi sasa, Luhende?"

"Saa nane na dakika hamsini, afande."

"Kimbia basi. Si ndiyo desturi yenu?"

Elina alikuwa akifua kwenye mawe ya mwaloni, povu limemfika viwikoni. Luhende alimwamkia kwa Kisukuma, kwa heshima ya mama, "Mwadila, mayu," naye akaitikia, "Mwadila," huku macho yake yakiwa kwenye sare ya Tumsifu.

"Yowe la jana," alisema Tumsifu. "Ulilisikia kwa nani?"

Elina alikamua nguo aliyokuwa tayari ameikamua. "Hakuna aliyeniuliza."

"Mimi nakuuliza."

"Watu wote walisema Bujiku. Mimi ni nani niwabishie?" Alishusha pumzi. "Nilimsikia mayu Kwandu. Alikuwa pale juu, penye ile njia inayopanda kituoni. Nikakimbilia kwake. Nikamkuta amesimama na fimbo yake, akaniambia, wamekwenda kalavatini, kimbia! Nikakimbia."

Luhende alitoa mlio mdogo. Kutoka alikosimama Kwandu hadi kibanda cha mizigo hapakufika hatua mia moja, ila kuta za nyumba za watumishi na redio ya Anyes vilikuwa vimeimeza sauti yake. Hata mwenye miguu mibovu angezimaliza kituo kikiwa kitupu.

"Jana jioni ulipata habari kwamba mtoto kapotea. Hukushangaa?"

"Nilishangaa," alisema Elina, na machozi yakamlenga. "Lakini afande, yule ni mzee. Amezika mtoto wake wa pekee. Ningeanzia wapi?"

*

Kwenye kamba ya mji wa Kwandu kulikuwa kumeanikwa gauni moja dogo la njano. Tumsifu alilishika, lilikuwa bado bichi. Magauni mengine yote ya Salu yalikuwa begini, kwa hiyo aliyekuwa na mtoto alilazimika kulifua hilo hilo.

Bibi Kwandu alikuwa ameketi mlangoni. Upande wa pili wa ua kulikuwa na kaburi la saruji, limefagiliwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Yuko ndani, amelala. Amekula viazi na maziwa." Hakusimama. "Nilijua mtakuja. Nilidhani mtakuja jana."

Luhende aliingia ndani, akatoka akitikisa kichwa kwa furaha asiyoweza kuificha. Tumsifu aliegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitamani kiti.

"Kwa nini, bibi?"

"Mkwe wangu alikuja kuniaga Jumatano. Akasema Jumapili. Jioni nikaingia kwake kumpelekea karanga za njiani, nikaona begi limefunguliwa. Mtu wa siku tatu hachukui sweta mbili." Alinyoosha fimbo kuelekea kaburini. "Thomas pale aliniachia mjukuu huyu mmoja tu. Ningefanya nini? Nimwendee Kamanda Athanasi wa sungusungu nimwambie mkwe wangu anataka kuolewa? Angenicheka. Nikasema nitakachoweza ni kupiga mwano."

"Mwalimu amefungiwa nyumbani kwake tangu jana kwa ajili yako."

"Nimesikia."

"Na umekaa kimya."

Kikongwe aliinamisha kichwa. Hilo tu ndilo lililomtia haya. "Nilisema ni mgeni. Ataondoka, ana kwao. Mimi nikitajwa, nitakwenda wapi? Nani atanizika hapa?"

"Ni saa tisa na nusu, bibi. Naweza kwenda kukutaja mimi."

"Watasema polisi umetunga. Elina atakana." Kwandu alijikongoja akasimama, akaita ndani kwa Kisukuma, na Salu akatoka akifikicha macho, ndani ya shati kuukuu la mwanamume lililomfika vifundoni. "Lete hiyo kanga, askari. Nifungie mgongoni vizuri. Miguu kweli inaniuma, hilo sikudanganya."

Walimpa gari. Alikataa. Alisema anayekwenda kuungama haendi kwa gari la serikali, na wakapanda naye polepole, Tumsifu akiitazama saa kila baada ya hatua kumi.

Mbele ya ghala la pamba watu walikuwa wamejaa. Mwatima alisimamishwa kando, na Kamanda Athanasi, mwanamume mnene mwenye filimbi shingoni, alikuwa ameshaanza kusema. Alinyamaza. Umati ukafungua njia, na kutoka benchi la kituo, ng'ambo ya barabara, sauti ya Veronica ikapaa.

"Salu!"

Alivuka lami bila kutazama magari. Kwandu aliinua fimbo, akamsimamisha hatua tatu mbali.

"Ngoja, mwanangu. Kwanza niseme." Aliwageukia watu. "Aliyepiga mwano ni mimi. Aliyemchukua mtoto ni mimi. Mwalimu hana kosa."

Pakawa na minong'ono.

"Mayu," alisema Athanasi, "mwano wa uongo adhabu yake unaijua."

"Hapa hahamishwi mtu," alisema Tumsifu. Alilisema kwa sauti kubwa, na alijua halikuwa na uzito. Gari lake lingeondoka, na kesho yake hakuna ambaye angemwamkia kikongwe huyu.

"Hukuulizwa wewe, afande. Mayu, ulipiga kwa sababu gani?"

"Mjukuu wangu alikuwa anachukuliwa."

Watu wote walimgeukia Veronica. Alikuwa mama aliyeibiwa. Angeweza kusema si kweli, na kijiji kingemwamini.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa namchukua moja kwa moja. Nilimdanganya mayu."

Athanasi alishusha pumzi ndefu, akawatazama wazee wenzake mmoja mmoja. "Basi haukuwa wa uongo," alisema. Kisha akamgeukia Mwatima na kuvua kofia. "Mwalimu, tumekukosea."

"Mmenikosea sana," alisema Mwatima, na hasira zake zilikuwa wazi usoni. "Siku nyingine nikilisikia yowe lenu, nitakimbia nanyi. Lakini nitakimbia na mtoto nimembeba."

Hakuna aliyecheka. Wanawake kadhaa walitazama chini.

Tumsifu alimsogelea Veronica. "Kesi unafungua?"

Veronica alitikisa kichwa kukataa. Basi la Mwanza lilikuwa limesimama kituoni, na Anyes alikuwa amelishika begi, hajui alipakie au alirudishe. Veronica alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Mayu, tunaondoka."

"Juzi pia uliniaga."

"Juzi nilikudanganya."

"Utamrudisha lini?"

Veronica aliutazama mguu mdogo ulioning'inia pembeni ya kanga. "Sijui, mayu. Labda nisimrudishe."

Bibi Kwandu alianza kulifungua fundo kifuani, na vidole vyake havikuwa na haraka.

"Hilo ungeniambia juzi," alisema, "nisingepiga mwano. Ningemwosha, ningemsuka nywele, ningewasindikiza mpaka kituoni."

Akamkabidhi mtoto.